Tusingoje msiba ndipo tuandike shukrani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme neno kuhusu kushukuru. Sisemi shukrani za kupokea tuzo au za harusi, nasema zile za vitu visivyo na sherehe: maji ya bomba, usingizi wa usiku, kikombe cha chai, jirani, figo zinazofanya kazi.

Kila msomaji wa magazeti yetu analijua tangazo la shukrani. Hutoka siku kadhaa baada ya mazishi, picha ya marehemu ikiwa juu na maneno ya familia chini yake. Tangazo hilo huandikwa kwa ufundi ambao hatuupi heshima inayostahili. Halisemi "asanteni nyote" likaishia hapo. Linataja madaktari na wauguzi wa wodi fulani, padri au imamu aliyeongoza ibada, majirani wa mtaa, wafanyakazi wenzake marehemu, kina mama waliopika, aliyetoa gari la kubeba jeneza. Mwishoni linasema si rahisi kumtaja kila mmoja, linamwomba kila aliyeshiriki apokee shukrani hizo. Watu waliolemewa na huzuni wanaweza kukaa chini, wakakumbuka nani alifanya nini na siku gani, wakaandika. Watu hao hao, mwaka mmoja kabla, wakiwa wazima na marehemu wao yuko hai, huenda hawakupata kumtaja jirani yule hata kwa mstari mmoja. Ufundi wa kutaja tunao, ila tumeuhifadhi kwa ajili ya msiba. Barua hii inahusu namna ya kuutumia Jumanne ya kawaida, foleni ikiwa ndefu na bili mezani.

Kuambiwa tushukuru tumeambiwa sana. Msikitini tunaambiwa, kanisani tunaambiwa, hata nyuma ya daladala na bajaji imeandikwa. Kisichosemwa ni jinsi. Moyo hauamrishwi, huwezi kuuambia "furahi" ukafurahi papo hapo. Mdomo lakini unaweza kuambiwa utaje, mkono unaweza kuambiwa uandike, na miguu inaweza kuambiwa isimame dakika 3. Ndiyo maana nasema kushukuru ni kazi kwanza, hisia baadaye. Anayengoja kujisikia kwanza atangoja sana.

Tuanze na sababu ya kusahau, maana watu wengi hudhani ni kiburi. Chukua nyumba iliyokuwa ikichota maji kisimani. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, achilia mbali ndoo yenyewe. Familia inayotumia ndoo 6 kwa siku, kisima kikiwa mita 400 kutoka nyumbani, hutembea karibu kilomita 5 kila siku kwa ajili ya maji tu, nusu ya safari mzigo ukiwa kichwani. Likifungwa bomba uani lenye kutoa lita 10 kwa dakika, ndoo hujaa kwa dakika 2, na zote 6 kwa dakika 12. Wiki ya kwanza watoto huoga mara mbili na mama hufua mpaka mapazia. Mwezi wa tatu hakuna anayelitazama bomba hilo, isipokuwa siku linapokauka. Umeme ni vivyo hivyo. Ukirudi baada ya kukatika, mtaa mzima hulipuka kwa kelele za watoto, "Umeruuudi!" Baada ya dakika 10 kila mtu amerudia shughuli zake, na taa inawaka kama kitu kisicho na habari.

Akili imeumbwa hivyo. Kinachobadilika huvuta macho, kilichotulia huachwa. Pua yako haisikii harufu ya nyumba yako, mgeni ndiye huisikia akivuka kizingiti. Tena jambo baya hukaa ndani kwa uzito kuliko jema: mtu akisifiwa na watu 9 na kukosolewa na mmoja, usiku atalala akimjibu yule mmoja. Kwa hiyo asiyeshukuru mara nyingi si mtovu wa adabu, amezoea tu. Na mazoea hayaondolewi kwa kukaripiwa. Yanataka kuvurugwa kidogo, kwa makusudi.

Njia ya kwanza ya kuyavuruga ni kukiondoa kitu katika mawazo. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani, Minkyung Koo na Timothy Wilson na wenzao, walichapisha majaribio yanayofundisha. Kundi moja la watu liliombwa kuandika jinsi jambo jema la maishani mwao lilivyotokea. Kundi lingine liliombwa kuandika jinsi jambo hilo lingeweza kutotokea kabisa. Waliotoka wamechangamka zaidi ni wale walioliondoa. Kukisifu kitu ambacho tayari kipo kulileta kidogo. Kukiona hakipo, halafu ukafumbua macho ukakikuta, ndiko kulikogusa.

Kiswahili kilikuwa kimeliweka hilo midomoni mwetu zamani. "Hujambo?" maana yake huna jambo? Yaani hakuna lililokupata? Na jibu, "Sijambo," sina jambo. Hapo hatutaji ulichonacho, tunataja lisilokupata. Hukuugua usiku, hukupigiwa simu ya saa 8, paa halikung'oka. "Watoto hawajambo?" "Hawajambo." Mtu anayesalimia kwa utaratibu wa watu wazima, kuanzia hali, akaja nyumbani, watoto, wazee, kazi, shamba, anakupitisha kwenye orodha ya neema zako moja baada ya nyingine, naye anataka jibu kwa kila moja. Sikumbuki zana bora kuliko hiyo. Tatizo ni mwendo. Siku hizi swali la pili linaulizwa kabla jibu la kwanza halijaisha, na "nzuri" inatoka mdomoni huku macho yako kwenye simu.

Zoezi la kwanza basi halihitaji daftari wala senti. Kila siku chagua salamu moja tu, ya mtu mmoja, uijibu kwa kweli. Ukiulizwa "Watoto hawajambo?", nyamaza sekunde 2, mwone kila mtoto akilini mahali alipo saa hiyo, halafu jibu, "Hawajambo, yule mdogo homa imeachia." Usijibu hivyo salamu zote, utachoka na utawachosha watu. Moja inatosha. Na usichague ya bosi au ya mtu mwenye haraka. Ya muuza genge au ya jirani anayefagia uwanja ndiyo inayofaa, maana yeye naye atasimamisha ufagio.

Wenye kufunga Ramadhani wanalijua jambo hili kwa mwili. Funda la kwanza la maji wakati wa Magharibi, kabla hata ya uji na kaimati, lina ladha ambayo maji yale yale hayana saa 5 asubuhi mwezi wa Shawwal. Maji hayajabadilika, yameondolewa kwa saa 13 na ushee yakarudishwa. Asiyefunga anaweza kujipunguzia kitu kidogo siku moja kwa mwezi: sukari kwenye chai, au simu kuanzia saa 12 jioni, au usafiri wa safari moja fupi akatembea. Kiwe kitu kimoja, kwa siku moja. Wanaokosea hapa ni wanaojinyima mambo 4 kwa pamoja, wakaishia kununa, kisha wakasema zoezi halifai. Wagonjwa wa kisukari, wajawazito na wanaomeza dawa kwa saa wasijinyime chakula wala maji, wapunguze simu.

Njia ya pili ni kukifuata kitu kurudi kilikotoka. Hii ndiyo ninayoipenda zaidi, na chai ndiyo somo lake jepesi, kwa sababu kuchemsha chai kunakupa muda tayari. Maji ya vikombe 3 kwenye jiko la gesi huchukua dakika 5 hadi 7 mpaka yachemke. Kwa kawaida dakika hizo tunazimaliza tukipekua ujumbe. Weka simu chumba kingine. Kuilaza kifudifudi hakutoshi, kwa sababu mkono utaifuata. Simama mbele ya sufuria, nyayo zote mbili chini. Toa pumzi taratibu mara 3, kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta. Kisha chukua kitu kimoja kilichomo ndani ya sufuria, umtafute mtu mmoja aliyekigusa.

Mmoja tu. Leo awe mchumaji. Chai nzuri ni majani mawili na chipukizi lake, na kilo 4 na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo 1 ya majani makavu. Kijiko kidogo cha gramu 2 ulichotia kwenye sufuria kimetoka kwenye gramu 9 za majani mabichi, yaani machipukizi kadhaa ambayo pengine yalichumwa kwa vidole huko Mufindi au Rungwe au milima ya Usambara, mtu akiwa na kikapu mgongoni na umande kiunoni. Kesho awe wa kiwandani. Majani hunyaushwa kwa saa 12 hadi 18, hukatwa, huachwa yageuke rangi kwa saa 1 au 2, ndipo hukaushwa. Yakiachwa kupita kiasi chai hupoteza makali, yakiondolewa mapema hubaki na ukali wa ubichi, na kuna mtu anayesimama hapo usiku akiyanusa ili ajue saa yake. Keshokutwa awe dereva wa lori. Baadaye awe mkata miwa wa Kilombero, au mama aliyekamua maziwa saa 11 alfajiri, au mkulima wa tangawizi wa Same. Sufuria moja ina watu wa mwezi mzima. Msomaji wa Mombasa anaweza kuanzia mnadani, maana mnada wa chai wa mji huo huuza majani ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na kwetu Tanzania.

Hapa panaharibika kwa njia mbili. Moja ni kutaka kuwamaliza watu wote asubuhi moja: inageuka kuwa somo la jiografia, na chai inamwagika jikoni. Nyingine ni kuwafikiria kwa huruma kutoka juu, "maskini mchumaji wa watu." Yeye anafanya kazi yenye ujuzi, nawe unakunywa ujuzi wake. Ukigundua kuwa analipwa vibaya, hilo ni jambo la kulisema panapohusika, tena kwa sauti. Aliyejifunza kumwona mtu ndani ya kikombe ndiye atakayeuliza mtu huyo analipwaje.

Wenye ibada wana vituo vyao tayari, nami siwafundishi dini, nasema mwendo tu. Tasbihi ya baada ya swala ina Subhanallah 33, Alhamdulillah 33 na Allahu Akbar 33. Ikisomwa kwa utulivu huchukua dakika 2 au 3. Wengi huimaliza kwa sekunde 40, maneno yakashikana mpaka hayatenganishiki. Anayetaka kuirudishia uzito hapunguzi idadi, anapunguza mwendo. Vivyo hivyo sala ya kabla ya chakula. Tunaomba baraka kwa walioandaa huku aliyeandaa bado yuko jikoni akitafuta chumvi. Msubirini aketi. Mtajeni kwa jina lake, asikie. Sekunde 15 zinaongezeka, ugali haupoi kwa sekunde 15.

Nije kwenye daftari, ambalo ndilo lenye ushahidi mwingi na ndilo linaloharibiwa zaidi. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough wa Marekani walichapisha utafiti wao: wanafunzi waliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, hadi mambo 5 ya kushukuru, wengine wakaandika kero, wengine matukio ya kawaida tu. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao vizuri zaidi, walikuwa na matumaini zaidi kwa wiki iliyofuata, na walilalamikia maradhi madogo madogo kwa uchache zaidi. Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake walijaribu namna nyingine: kila usiku kwa wiki 1, mambo 3 yaliyokwenda vizuri, pamoja na sababu ya kila moja. Faida yake ilionekana hata miezi 6 baadaye, hasa kwa walioendelea wenyewe. Lakini Sonja Lyubomirsky, naye wa Marekani, aliona jambo la kutahadharisha: walioorodhesha neema mara moja kwa wiki walinufaika, walioandika mara 3 kwa wiki hawakunufaika. Inaelekea shukrani yenyewe nayo huzoeleka, ikawa kama bomba lile la uani.

Kutokana na hayo, utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Nunua daftari dogo la kurasa 48 na kalamu, vikae pamoja, kalamu imefungwa kwa uzi. Wiki ya kwanza andika kila usiku mambo 3, ili mkono uzoee. Kuanzia wiki ya pili andika mara moja tu kwa wiki, siku na saa ile ile. Jumapili baada ya chakula cha mchana au Alhamisi baada ya Isha, vyovyote. Ukurasa mmoja kwa wiki. Ukiwa na kurasa 48 daftari litakufikisha karibu na mwisho wa mwaka.

Uzito wote uko kwenye sentensi. "Nashukuru kwa familia" ni sentensi iliyokufa. Utaiandika wiki ya 2 na ya 3 na ya 4, kisha daftari litapotelea chini ya godoro. Andika kama wanavyoandika wale wa tangazo la msiba: nani, nini, lini, na ingekuwaje kama asingefanya. "Alhamisi mvua ikinyesha mama mdogo alikwenda kuwachukua watoto shuleni saa 9 bila kuombwa, wangerudi wameloa na yule wa kifua angekohoa wiki nzima." Sentensi ya namna hiyo haiwezi kurudiwa, kwa sababu Alhamisi ile imepita. Vitu vidogo vina nguvu kuliko vikubwa: kondakta aliyemngoja mzee apande, fundi cherehani aliyemaliza siku aliyosema, mchele usio na mawe, usiku ambao mbu hawakuingia ndani ya chandarua. Zikifika wiki ambazo huna la kuandika, andika moja. Ukiruka wiki usilipe deni kwa kuandika mara 2. Na usiandike ukiwa umelala kitandani, macho yanafumba kwenye mstari wa pili na maandishi yake hayasomeki asubuhi.

Usiupige picha ukurasa huo ukauweka mtandaoni. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu vijana wengi wanaanza hapo. Ukurasa ukishakuwa na watazamaji, unaanza kuchagua neema zinazopendeza kutazamwa, na kile cha kweli, kwamba leo umekwenda haja ndogo bila maumivu, hakitaandikwa kamwe.

Na hicho kinastahili kuandikwa. Figo za mtu mzima huchuja maji ya damu yapatayo lita 180 kwa siku, zikarudisha karibu yote mwilini, zikatoa mkojo wa lita 1 hadi 2. Zikishindwa kabisa, kazi hiyo hufanywa na mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, saa 4 hivi kila mara, na mgonjwa akipimiwa hata maji ya kunywa. Waislamu wamefundishwa dua ya mtu anapotoka chooni, ya kumshukuru Mungu kwa kumwondolea adha na kumpa afya. Wapo wanaoiona ni jambo la watoto wa madrasa. Aliyekaa kwenye kiti cha kusafishwa damu hawezi kuiona hivyo. Moyo nao, ukipiga mara 70 kwa dakika, hupiga mara 100,800 kutoka asubuhi hadi asubuhi, bila wewe kuusukuma hata mara moja. Hujafa hujaumbika, wanasema wazee, na maana yake ya kila siku ni kwamba hata kuumbika huku tulikonako hakujasainiwa mkataba.

Sasa nisimame mahali penye hatari, kwa kuwa shukrani ikitumiwa vibaya inaumiza. Mwanamke anayepigwa akaambiwa "mshukuru Mungu una mume," hapo neno hilo limegeuzwa kuwa kufuli. Mfanyakazi asiyelipwa miezi 2 akaambiwa ashukuru ana kazi, ni dhuluma iliyovalishwa kanzu. Kushukuru kwa maji yanayotoka leo hakumzuii mtu kuandika malalamiko kuhusu yale yasiyotoka wiki nzima. Kwenye daftari vinakaa ukurasa mmoja bila kugombana. Mfiwa wa siku 3 usimwambie ahesabu alionao waliobaki. Mwambie pole, mletee maji ya kunywa, kaa naye. Kushukuru kwake kutakuja kwa wakati wake, na kama nilivyosema mwanzoni, kukija huja kwa ufasaha. Na mwenye sonona, asiyelala, asiyekula, anayesema afadhali asingekuwepo, daftari si dawa yake. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi umeona kwamba mazoezi haya hupunguza dalili za sonona na wasiwasi kwa kiasi kidogo tu. Apelekwe kituo cha afya, asindikizwe na mtu, asiambiwe kwamba anaumwa kwa sababu hashukuru.

Kuna na kosa moja ambalo limekuwa mazoea ya jumla: kushukuru kwa kujilinganisha na aliye chini. "Angalia yule hana miguu." Yule naye anakusikia. Tena shukrani ya namna hiyo huvunjika siku ukimwona aliye juu yako. Mwenye kulinganisha na alinganishe na yeye mwenyewe: mimi wa kabla ya bomba, mimi wa wiki ile ya malaria.

Limebaki la mwisho, nalo ndilo gumu kwa watu wengi: kumwambia mtu mwenyewe. Mwaka 2018 Amit Kumar na Nicholas Epley walichapisha majaribio ambamo watu waliandika barua za shukrani, kisha waandishi na wapokeaji wakaulizwa. Waandishi walikadiria kwamba mpokeaji angeona haya kuliko alivyoona kweli, na walikadiria furaha yake kuwa ndogo kuliko ilivyokuwa. Walikuwa na wasiwasi kama maneno yamepangika vizuri. Wapokeaji waliyaona maneno hayo kuwa mazuri na yenye upendo kuliko waandishi walivyodhani. Kwetu wasiwasi huo una sura nyingine: ukimshukuru mtu ghafla atauliza, "Kuna nini? Unaumwa? Unasafiri?" Ndiyo, atauliza. Jibu, "Hakuna jambo, nimekukumbuka tu," na uendelee.

Barua ya namna hiyo iwe ukurasa mmoja. Mchague mtu aliye hai ambaye hukuwahi kumshukuru sawasawa: mwalimu wa darasa la kwanza aliyekufundisha kusoma silabi, mkunga, dada aliyeacha shule ili wewe uendelee. Anza na salamu na heshima yake, shikamoo kwa anayestahili. Eleza alichofanya, mahali na mwaka. Eleza kilichotokea baadaye kwa sababu hiyo, ambacho yeye hakijui, maana hapo ndipo penye zawadi: mwalimu alikuacha ukiwa darasa la 3 na hajui kwamba leo unasoma mikataba ya watu. Ukiweza, nenda umsomee kwa mdomo, ukiwa umekaa, bila kukimbiza; mzee mwenye macho hafifu atakushukuru kwa hilo pia. Aliye mbali mpigie, au umtumie kwa mkono wa mtu.

Usichanganye barua hiyo na ombi lolote. Mstari mmoja wa "pia nilikuwa na shida kidogo ya ada" unafuta yote yaliyotangulia, na mpokeaji atairudia barua kutoka juu akitafuta ulikoanza kumtega. Usiweke pesa ndani yake siku hiyo hiyo. Ukitaka kumtumia kitu, tuma wiki nyingine, ili maneno yasimame peke yao. Usiombe radhi ndefu kwa kuchelewa, sentensi moja inatosha. Na usisubiri likizo ya Desemba.

Kwa hiyo, Mhariri, nina ombi kwako pia. Kando ya tanzia na kumbukumbu, tenga kijisehemu kimoja, siku moja kwa wiki, cha shukrani kwa watu walio hai. Maneno yasizidi 40, yaseme nani, alifanya nini, na lini. Waandikaji wapate kwanza ridhaa ya wanaotajwa, jina la kwanza na kazi vikitosha, na matangazo ya biashara, sifa za wagombea na salamu kwa wakubwa wa kazi yakataliwe. Wiki ya kwanza huenda ukapata barua 3 tu. Zichapishe hizo 3.

Wako katika usomaji,
Msomaji, Muheza, Tanga